Nukta Niliyoifuta Kwenye Kundi la Wazima

Gitega. Jumatano jioni, mwezi wa tatu, mvua imekatika.

Bati bado zinadondosha maji. Jirani amerudisha jiko lake nje na anapepea mkaa kwa kifuniko cha sufuria huku akisonya, maana mkaa umelowa. Mimi nimekaa kitandani, kompyuta iko magotini, na kiti kimejaa nguo ambazo nimejiahidi kuzifua tangu Jumapili. Ukiniuliza hali ya moyo, ni aibu. Nimetafuta neno jingine la kiungwana zaidi nikakosa.

Mnaopita hapa ni wachache, nadhani ni wale wale tuliosoma pamoja kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, na mnajua kwa nini naandika Kiswahili. Ndiyo lugha niliyofundishiwa kushika kalamu. Kirundi nakisema vizuri lakini nikikiandika nakosea, na Kifaransa nilikipata ukubwani, baada ya kurudi, kwa kuchekwa darasani. Kazini naandika Kifaransa. Mambo ninayoona haya kuyasema kazini nayaleta hapa.

Basi haya ndiyo ya leo.

Nilifuta damu ya mama yangu.

Nitaeleza taratibu, kwa sababu najijua: nikikimbia nitajipendelea.

Nafanya kazi katika maabara moja hapa Gitega, na huku naandaa shahada ya pili. Somo langu ni RNA ndogo. Watu wakiniuliza harusini nasoma nini, huwa nasema "mambo ya damu" ili waniache nile. Lakini hapa nitasema vizuri. Ndani ya seli kuna maagizo yanayotoka kwenye urithi wetu kwenda pale protini zinapotengenezwa, na yanabebwa na RNA ndefu. RNA ndogo haibebi agizo lolote. Ina herufi ishirini na mbili hivi, basi. Kazi yake ni kulikamata agizo la mwingine njiani na kulinyamazisha, ili protini ile isitengenezwe, au itengenezwe kidogo.

Sasa chukua seli za kinga, zile chembe nyeupe za damu. Zikimwona adui zinaitana kwa kemikali, damu inakimbilia pale, mahali panavimba, panakuwa pa moto, panauma. Sisi tunauita mwako. Mwako wenye mwisho ni jambo jema, ndio unaoponya kidonda. Ila kuna watu ambao kwao hauishi. Seli zao zinageukia viungo vyao wenyewe, vidole, viganja, magoti, na zikiachwa hivyo zinakula hadi mfupa.

Mimi nafuatilia RNA ndogo mbili. Moja tunaiita mia hamsini na tano. Hii inachochea: inanyamazisha maagizo ya zile protini ambazo zingezituliza seli. Ya pili ni mia arobaini na sita, na hii inatuliza: inanyamazisha zile zinazopeleka habari ya hatari ndani ya seli. Jambo ambalo lilinichukua muda kulielewa ni kwamba hii ya kutuliza inaitwa na kengele ile ile inayowasha mwako. Pasipo mwako inakaa chini. Ukiikuta nyingi kwenye damu usifurahi ukadhani mtu ametulia.

Mwajuma alilielewa kabla yangu. Mwajuma ni fundi wetu wa maabara, mtu wa mtaa wa Waswahili hapa mjini, baba yake anashona kanzu, na yeye amezoea mirija ya damu miaka mingi kuliko mimi. Nilipomchorea picha ubaoni aliitazama kidogo akasema, "Donc iko kama frein ya baiskeli. Ukiona mtu amekamata frein na nguvu yote, jua iko anashuka mlima." Frein, yaani breki. Nilicheka nikaliandika pembeni ya daftari langu. Ningelielewa badala ya kuliandika tu, leo nisingekuwa na la kusimulia.

Utafiti wenyewe ni rahisi kuueleza. Tuna kundi la wagonjwa, watu wenye ugonjwa wa viungo waliotoka Mutaho, Bukirasazi na hapa mjini. Tunahitaji na kundi la wazima wa kulinganisha nao. Wagonjwa walipatikana upesi. Wazima ndio waliosumbua, kwa sababu mtu mzima ukimwomba damu anataka kujua unaipeleka wapi.

Nikampigia mama simu.

Mama anaishi Giteranyi, kule Muyinga, analima muhogo na maharage kwenye shamba tulilolikuta baada ya kurudi. Nilimweleza shida yangu, akasema niache, atanitafutia watu. Mwezi wa tisa nilipofika, nilikuta wanawake kumi na mmoja wamekaa kwenye mabenchi ya kanisa, yametolewa nje uwanjani. Walikuwa wamevaa vitenge vya Jumapili na ilikuwa Alhamisi. Wamekaa, ndiyo, lakini hakuna aliyekunja mkono wa nguo. Kulikuwa na maneno kwamba damu inavushwa mpaka na kuuzwa. Mmoja, mke wa katekista, alisema waziwazi kwamba amekuja kutazama tu.

Mama akainuka, akakaa kwenye kiti changu cha plastiki, akawa wa kwanza kabisa kunyoosha mkono. "Anza na mimi," akasema kwa sauti ya kusikika hadi benchi la mwisho.

Hapa ndipo kosa langu la kwanza lilipo, na nalijua kwa sababu utaratibu niliuandika mimi mwenyewe. Utaratibu unasema kila mtu aulizwe maswali ya fomu akiwa peke yake, pembeni, pasipo mtu wa kusikia. Sacristie, kile chumba cha padri kanisani, ilikuwa wazi, ingefaa kabisa. Ila nilikuwa nimechukua barafu Muyinga mjini asubuhi na ilikwisha kuwa maji nusu. Damu ilitakiwa irudi Muyinga mchana ule ule ikazungushwe kwenye mashine, plazma, yale maji ya njano ya damu, itengwe. Nikaona nikimwingiza kila mmoja ndani nitachelewa. Nikauliza pale pale, uwanjani, kwa sauti, kama mwalimu anayeita majina.

"Viungo vinauma?"

"Hapana," akasema mama.

"Vinavimba? Asubuhi vidole vinakaza?"

"Hapana. Hapana."

Nilipokuwa natafuta mshipa nilimshika mkono, nikaona vidole vimejaa. Nikamtania mbele ya watu wote kwamba kijiji kinamlisha vizuri, mpaka vidole vimenona. Wanawake wakacheka, mama akacheka kuwazidi. Baada yake wakaja mmoja mmoja, hapana, hapana, hapana, na kabla ya saa saba nilikuwa juu ya pikipiki na sanduku langu.

Nilijisifu njia nzima.

Kufika Gitega, Mwajuma alibandua majina na kuweka namba kwa mpangilio wake, na daftari la majina akalifungia kwenye droo yake. Ndivyo inavyotakiwa. Mimi ninayesoma majibu sipaswi kujua ni damu ya nani. Hapo hatukukosea.

Mwezi wa kumi na moja majibu yalitoka. Nilichora grafu. Wagonjwa juu, wazima chini, makundi mawili yameachana vizuri sana, isipokuwa nukta moja. Sampuli namba tisa ya wazima ilikuwa imekaa juu kabisa, katikati ya wagonjwa. Mia hamsini na tano juu, mia arobaini na sita juu zaidi. Nikarudia kipimo. Ikarudi pale pale. Nikarudia tena, na sitaficha, nilikuwa naitukana.

Kuna sababu moja inayokubalika ya kuiondoa sampuli. Chembe nyekundu zikipasuka njiani, kwa mtikisiko au joto, zinamwaga vitu vyake kwenye plazma, na RNA ndogo zake zikiwemo. Vipimo vinavurugika. Alama yake ni rangi: plazma inakuwa ya waridi. Kwa hiyo kila mrija tunaupiga picha juu ya karatasi nyeupe kabla ya kuupima.

Picha ya namba tisa ninayo kwenye simu. Ni ya njano, safi, kama mafuta ya alizeti.

Nikachukua rejista, nikatafuta mstari wa tisa, nikaandika neno moja la Kifaransa, hémolyse, maana yake chembe zimepasuka, nikatia sahihi. Nukta ikatoka kwenye grafu.

Nilijiambia maneno mengi siku ile. Kwamba barabara ya Giteranyi ni mbaya. Kwamba macho yangu si mashine, huenda kulikuwa na uwaridi nisiouona. Kwamba mtu mzima hawezi kuwa na kiasi kile, kwa hiyo lazima kuna hitilafu, na hitilafu tuipe jina gani, basi tuipe hili. Ukweli ni kwamba nilitaka grafu nzuri. Nilitaka mtu aliyechekwa kwa Kifaransa chake asimame mbele ya projekta na pasiwe na wa kumwuliza swali. Kwenye utaratibu ule ule niliouandika kuna mstari unaosema sampuli ya mzima ikionyesha mwako, jina lifunguliwe, mwenyewe aitwe akachunguzwe. Sisi hatupimi ugonjwa kwa RNA hizi, bado ni utafiti, lakini tulikubaliana kwamba mtu hawezi kuachwa hivi hivi. Mstari ule niliuruka na nilijua ninauruka.

Alhamisi iliyopita niliwasilisha. Hakuna aliyeuliza swali gumu. Walipiga makofi, na Daktari Salvator, msimamizi wangu, mtu ambaye kusifu kwake ni kukunja karatasi yako bila kuitia wino mwekundu, alisema mbele ya wote kwamba kundi langu la wazima liko propre kabisa, yaani safi. Nilinunua kitenge kipya siku ile ile. Nilisema nampelekea mama.

Ijumaa jioni nikafika Giteranyi. Alipokea kitenge kwa mikono yote miwili, ndivyo tulivyolelewa, lakini kiliponyoka hakukiinamia. Alikisogeza kwa mguu hadi kwenye mkeka akasema sakafu ni safi. Mimi nikacheka tena. Jamani, mimi na kucheka.

Jumamosi niliamka mapema kwa haja ndogo, jogoo walikuwa ndio wanaanza. Jikoni kulikuwa na moto. Nikadhani mama anawahi shambani, nikaenda kumsaidia. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, sufuria ya maharage iko motoni, na mikono yake yote miwili ameikumbatisha kwenye sufuria nyingine ndogo ya maji yanayofuka. Alikuwa anajaribu kufunga ngumi. Vidole vilifika nusu vikagoma. Aliziba pumzi, akajaribu tena. Kwenye viganja, pale vinapoungana na mkono, kulikuwa na mistari midogo myeusi, imejipanga. Chale. Za karibuni, dawa ilikuwa haijaisha kutoka.

Aliponiona alitaka kushusha mikono ya sweta haraka, na vidole vilivyokaza vile vikashindwa kushika kitambaa.

Nilikaa chini kwenye majivu. Nikamwuliza ilianza lini, akasema zamani. Nikauliza kabla ya ile damu ya kanisani au baada. Akageuza maharage, ambayo hayakuhitaji kugeuzwa.

"Kabla," akasema.

Nikamwuliza sasa kwa nini alisema hapana, mara tatu, na mimi ndiye niliyeuliza. Nilipandisha sauti, na hilo nalo ni la kuonea haya.

"Mwanangu, ningesema naumwa, ungeniinua kwenye kiti," akasema. "Na mimi nikiinuka, wale wangebaki? Wangeondoka wote. Ungerudi Gitega na lile sanduku tupu. Na vile uliniuliza mbele ya mke wa katekista, ningejibu nini?"

Kisha akasema tuache, maharage yanaungua. Alikuwa anaamka kabla ya watu wote kila siku, miezi yote hiyo, ili wakiamka wakute vidole vimefunguka. Hata dada yangu mdogo anayelala naye nyumba moja hakuwa anajua. Alidhani mama amekuwa mchapakazi tu uzeeni.

Nilirudi Gitega Jumapili. Sikuhitaji daftari kujua namba tisa ni nani, lakini Jumatatu nilimwomba Mwajuma afungue droo. Alikuwa amefunga saumu, midomo imemkauka, akaniangalia kama anayetaka kunikatalia. Kisha akatoa funguo. Alipitisha kidole kwenye karatasi, taratibu, na kikasimama.

"Iko ya mamako," akasema.

Nikamwambia najua. Akafunga daftari lakini hakulirudisha. Akaniambia, na macho yake yako mezani, "Mi ile mrija niliiona. Maji yake ilikuwa njano, propre. We ukaandika hémolyse. Mi nikajiuliza, nikanyamaza, juu we ndo' chef."

Mimi chef, mimi mkubwa wake! Mtu ambaye Mwajuma alimfundisha kushika pipeti. Kwa hiyo tangu mwezi wa kumi na moja amekuwa akinisalimia kila asubuhi, akiniuliza habari za nyumbani, na anajua kwamba mimi ni mwongo. Nililia pale, na yeye hakuniambia ninyamaze. Aliniletea karatasi za kufutia meza kwa sababu ndizo zilizokuwepo.

Jana, Jumanne, sikwenda kazini. Niliwaambia kichwa kinauma. Huo nao ni uongo, ninauweka hapa pamoja na mingine.

Nililala nikihesabu miezi. Kuna dawa za kupunguza mwako ule kabla haujala mfupa, na zinafaa zaidi mtu akianza mapema. Ningefuata ule mstari mwezi wa kumi na moja, mama angeitwa, angechunguzwa, angekuwa na miezi minne ya dawa. Badala yake amekuwa na miezi minne ya maji ya moto na wembe wa mganga. Mwili wake ulikuwa umekamata breki kwa nguvu zote, ukaniandikia kabisa kwenye karatasi yangu, na mimi nikasema karatasi imekosea. Sijui hivi sasa mifupa yake ikoje. Hilo ndilo ninaloliogopa, mengine yote ni ya jina langu tu.

Leo asubuhi nilikwenda kwa Daktari Salvator.

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nilianza kwa Kifaransa, sentensi ya pili ikanikwama, nikahamia Kiswahili ambacho yeye anakisema kwa shida, na nikamaliza nikiwa nimesema kila kitu vibaya lakini nimesema. Nikaweka simu mezani, ile picha ya njano, na rejista kando yake.

Alivua miwani. Alitazama picha, akatazama rejista, akarudi kwenye picha.

"Unajua nini inaniudhi?" akasema. "Si ile nukta. Iko hii mwandiko. Uliandika hémolyse na mwandiko mzuri, kabisa, bila mkono kutetemeka."

Nikasema ndiyo.

Akawa anaigeuza miwani mkononi. Nilidhani ananitafutia adhabu, nikawa nimejiandaa kufukuzwa, hata nilishafikiria nitawaambia nini nyumbani. Kumbe alikuwa anafikiri. Akaniuliza, "Na wale wengine kumi na moja?"

Sikumwelewa.

Akarudia. Wale kumi na mmoja waliokaa nyuma ya mama yako, waliosikia mama yako anasema hapana, na wao wakasema hapana mbele ya yule yule mke wa katekista. Wewe unajua wangapi walisema kweli?

Hapo ndipo nilipokaa bila kuambiwa nikae. Tangu Jumamosi nilikuwa namlilia mama yangu, sikuwa nimewafikiria wale hata mara moja. Kuna mmoja, sasa namkumbuka, aliomba afunguliwe kizibo cha chupa ya maji niliyompa baada ya damu. Nilimfungulia nikaendelea na kazi. Kundi langu lililo propre halijulikani ni kundi la nini. Inawezekana ni wazima kweli, vipimo vyao viko chini, lakini maneno yao yote niliyaokota kwa njia mbovu.

Tumekubaliana hivi. Namba tisa inarudi kwenye grafu leo, na imerudi, nimeirudisha kwa mkono wangu Mwajuma akiwa amesimama nyuma. Muhtasari tuliokuwa tumeandaa kuutuma hautumwi. Barua ya kueleza nilichokifanya ninaiandika mimi na kuitia sahihi mimi. Kisha narudi Giteranyi, namwona kila mmoja peke yake, ndani, mlango umefungwa. Kama shahada itachelewa, ichelewe. Kama haitakuja kabisa, Daktari hakuniahidi chochote, na sikumwomba.

Nikiwa natoka alisema mama apelekwe kwa daktari wa viungo wiki ijayo, yeye atapiga simu. Hakuvaa miwani hadi nilipofunga mlango.

Nimefika nyumbani saa kumi, nikampigia mama. Nilimwomba kwanza ruhusa ya kuandika haya. Sikuficha, nilimwambia watu watasoma, hata kama jina halipo.

"Andika," akasema. "Ila useme niliwaleta wote kumi na mmoja."

Nimesema, Mama. Aliwaleta wote kumi na mmoja.

Kisha nikamwambia nina fomu mkononi na nataka kumwuliza upya. Nilimwomba aingie chumbani afunge mlango. Nilisikia kitasa, nikasikia kitanda kinalia. Nikasoma swali la kwanza polepole, nikangoja.

Viungo vinauma? Ndiyo.

Vinavimba? Ndiyo.

Asubuhi vidole vinakaza? Ndiyo. Kwa muda gani? "Mpaka maharage yafike nusu kuiva." Nimeandika saa moja, na pembeni nimeandika maharage.

Umetumia dawa yoyote? Ndiyo, chale, na vidonge vyeupe vya jirani ambavyo hajui jina lake. Aliyajibu yote bila kusita, na sauti yake ilikuwa inazidi kuwa nyepesi, mpaka nikaona ajabu. Mimi ndiye niliyekuwa nasimamisha simu kujifuta.

Swali la mwisho kwenye fomu ni kama mtu amewahi kumweleza mhudumu wa afya yeyote kuhusu maumivu haya kabla ya leo.

"Hapana," akasema.

Hiyo ilikuwa hapana pekee ya leo, na ilikuwa ya kweli. Chini ya swali lile kuna mstari mtupu wa kuandika sababu. Nilitaka kuuruka. Nimeshakuwa hodari wa kuruka mistari. Nikamwuliza, sababu ni nini, Mama?

Nilisikia kitanda kinalia tena.

"Andika hivi," akasema. "Mhudumu ni mwanangu, na siku ile mwanangu alikuwa na haraka."

Nimeandika hivyo hivyo, neno kwa neno, na mwandiko umetoka mbaya sana. Jumamosi nakwenda Giteranyi. Safari hii sibebi barafu.